Kwa Mama, Kuhusu Gogo Lililoangukia Kijitoni

Mpendwa mama,

Shikamoo. Ulinifundisha kwamba mtoto anayeanza na shida zake kabla ya kusalimia ni kama mbuzi aliyeingia jikoni, kwa hiyo nimeanza na salamu, ingawa marahaba yako sijui nitaisikilizia wapi.

Ninakuandikia kuhusu kijito chetu, kile kinachoshuka mlimani kati ya majabali, kikapita nyuma ya jiko letu, kikapita kwa Mama Shamim, kisha kikaingia kwenye kalavati chini ya barabara na kwenda ziwani. Mwaka huu nimekifikiria kuliko mitihani. Baba ameshaniambia kwamba kidato cha tatu hakifauliwi kwa kutazama maji. Lakini wewe ulitazama maji kuliko mtu yeyote ninayemjua, na sasa kuna jambo nimelifanya mbele ya watu ambalo ningependa ulisikie kutoka kwangu mwenyewe.

Nakumbuka ile mvua kubwa nilipokuwa mdogo. Baba alikuwa amenibeba mabegani na nilikuwa naona kila kitu kutoka juu. Matawi, mabua ya mahindi, chupa na mifuko vilikuwa vimejazana mdomoni mwa kalavati. Maji yalikosa pa kupita, yakageuka na kuingia kwa Mama Shamim. Godoro lake lilitoka mlangoni likielea kama linakwenda safari. Shamim, ambaye alikuwa bado ananyonya, alipitishwa dirishani. Wewe ndiye uliyempokea.

Kesho yake ulisimama katikati ya tope, kitenge umekikaza kiunoni, ukasema, "Hili halitatokea tena." Hukusema kwa sauti kubwa. Nimewahi kusikia watu wakisema maneno hayo kwenye misiba na kwenye mikutano, lakini wewe siku hiyo hiyo ulikwenda kuazima panga na reki.

Ndivyo usafi wa kijito ulivyoanza. Kila mwaka kabla ya mvua za vuli, wanawake wa huku mlimani walikufuata kutoka nyumba ya mwisho ya juu hadi barabarani. Mliondoa mifuko na chupa, na nilifurahi. Mkaondoa matawi. Mkaondoa magogo, hata yale ya zamani yaliyoota uyoga. Mlipomaliza magogo, mlifagia na majani. Ulikuwa unasema, "Maji ni mgeni. Mgeni anakuja, uwanja haujafagiwa?" Na kwa sisi tuliozaliwa na Wasukuma, uwanja usiofagiwa ni aibu ya ukoo mzima.

Mama Shamim alikuwa akikutania. "Mama Kabula, wewe ungeweza ungepiga na deki."

"Lete ndoo na tambara," ulimjibu. "Unangoja nini?"

Nilikuwa nashika ule mfuko wa kukusanyia majani na kucheka bila kuelewa vizuri. Nilijua tu kwamba mama yangu anaweza kufagia mto.

Ulipotutoka, nilidhani kazi hiyo itakufa. Haikufa. Mwaka uliofuata wanawake walikuja wenyewe na fagio zao, wakaipa jina: usafi wa Mama Kabula. Sasa hata mwenyekiti wa mtaa anautangaza hivyo. Na kwa sababu huku kwetu mama huitwa kwa jina la mwanawe, kila wanapoitaja kazi yako wanalitaja jina langu. Sikujua jambo hilo lingekuwa na uzito mpaka mwaka huu.

Acha nikueleze lilivyoanza. Mwalimu wetu wa jiografia, Mwalimu Kulwa, alitupa kazi ya ajabu. Alisema kila mmoja aende mahali penye maji yanayotembea, akae kimya, arudi na swali moja. Tulimuuliza kama tulete na jibu. Alisema, "Majibu mnayo mengi mno. Nataka swali."

Nilikwenda kukaa pale kwenye kalavati. Wanaume wawili walikuwa wanachota mchanga kwa koleo, kwa sababu siku hizi mdomo wa kalavati unazibwa na mchanga kila mwaka, nao wanaume wa mtaa wanapokezana kuuzoa. Nimewaona wakifanya hivyo tangu nikiwa darasa la tano na sijawahi kushangaa. Siku hiyo, kwa kuwa nilitakiwa kushangaa, nilishangaa. Swali langu likawa: mchanga huu unatoka wapi?

Mwalimu Kulwa alilisoma mara mbili, akanirudishia. "Vizuri. Sasa ufuate."

Kumwomba baba anipeleke juu, kupita nyumba ya mwisho, ilikuwa kazi. Alikubali Jumapili baada ya kanisa, akapanda na shati lake jeupe, akilalamika kila jabali.

"Tunatafuta nini?"

"Sijui, baba."

"Basi tukikipata tutajuaje?"

Tulipanda. Tulipita mahali usafi wenu unapoishia, pale penye jiwe lenye umbo la mkate, na hapo, mama, kijito kilibadilika kabisa. Sijui kama uliwahi kufika. Sidhani, maana ungefika, ungekuja na reki.

Huku chini kijito chetu kinashuka moja kwa moja kama mtoto anayeteleza kwenye mwamba. Kule juu kinashuka kwa ngazi. Mti umeanguka ukakwama kati ya mawe, na nyuma yake maji yametulia yakafanya kidimbwi. Yanapomwagika juu ya gogo yanaangukia kidimbwi kingine chini, kisha yanakutana na gogo jingine. Ilikuwa kiangazi, na kwetu kijito kilikuwa uzi tu, lakini kule vidimbwi vilikuwa na maji ya kufika kwenye goti. Na nyuma ya kila gogo kulikuwa na mchanga! Umelala pale, mwingi, umetulia, umeota nyasi. Ule mchanga ambao kwetu unakimbilia kalavati, kule umeshikwa na miti iliyokufa.

Baba alikaa juu ya jiwe kupumzika. Mimi nilipiga magoti. Nilichukua jani lililooza, nikalitazama kwa karibu, likawa limetobolewa matundu madogo kama chujio. Chini yake walikuwako wadudu wadogo wenye miguu myembamba. Kulikuwa na viluwiluwi vya chura. Kulikuwa na kaa aliyetoka chini ya gogo, akanitazama, akarudi kinyumenyume kama mtu aliyefungua mlango usio wake. Kereng'ende walikuwa wanagusa maji na kuruka. Kule kwetu sijawahi kuona kaa hata mmoja, na nimeishi pale maisha yangu yote.

"Hawa wanakula nini?" baba aliuliza. Nilijua hapo kwamba nimempata.

Tulikuwa na karanga mfukoni, tukazila na kudondosha maganda majini. Yalifika kwenye gogo yakazunguka, yakazunguka, mengine yakakaa. Tuliporudi chini, nyuma ya jiko letu, tukadondosha mengine. Yaliondoka mara moja. Baba aliyafuata akikimbia na shati lake la kanisani hadi karibu na kwa Mama Shamim, akashindwa. Alirudi anahema, akasimama kwenye ukingo wa kijito akatazama chini. Kijito kimejichimbia, mama. Ile migomba uliyoipanda, mizizi yake imebaki inaning'inia hewani kama pindo za mkeka. Tulikuwa tunadhani ni uzee wa migomba.

Nilimweleza Mwalimu Kulwa. Alifurahi, akatuambia darasani kwamba mti ukifa na kuangukia kwenye kijito cha mlimani haujamaliza kazi. Unapunguza mbio za maji, unashika mchanga na majani, majani yanalisha wadudu, wadudu wanalisha samaki na ndege, na maji yaliyosimama kidogo yanapata nafasi ya kuingia ardhini. Nilinyoosha mkono nikamuuliza, "Na kalavati, mwalimu? Kwetu matawi yaliziba, nyumba ikajaa maji."

"Hilo swali ni gumu kuliko la kwanza," alisema. "Kitawi chepesi kinasafiri. Gogo kubwa lililokwama kati ya mawe kwa kawaida linakaa. Lakini kwa kawaida si siku zote. Mimi sijakiona kijito chenu. Wewe umekiona."

Nilirudi nyumbani na furaha na woga pamoja. Furaha kwa sababu nimeelewa kitu. Woga kwa sababu kitu chenyewe kilikuwa kinasema kwamba usafi wako, uliookoa nyumba, ndio pia uliotuletea mchanga.

Kisha ule mkuyu ukaanguka. Unaukumbuka, ule mkubwa upande wa juu wa nyumba yetu, uliokuwa umeanza kukauka upande mmoja wakati wewe ungali hai. Mwaka huu ulikuwa umekufa wote, na siku moja mchana, bila upepo, ulilala chini. Ulianguka kukatisha kijito, ukajibana kati ya majabali mawili kama komeo mlangoni. Hakuna aliyeumia. Jirani mmoja alisema, "Mungu ametuletea kuni." Mwenyekiti akasema siku ya usafi wa Mama Kabula atatafuta mtu mwenye msumeno wa mashine, gogo likatwe vipande na kuondolewa.

Nilimwambia baba ninataka kuwaomba waliache. Alikuwa anakunywa chai, akaweka kikombe chini.

"Utasema kwamba mama yako alikosea?"

"Nitasema kwamba gogo libaki."

"Watasikia la kwanza," alisema. Kisha akaongeza, "Lakini sijakukataza."

Mama, nilichoogopa si watu. Wewe huna kaburi la saruji wala picha kubwa ukutani. Una siku moja kwa mwaka ambayo watu wanashika fagio kwa jina lako. Niliogopa kwamba nikiigusa siku hiyo, nitakuwa nimegusa kitu cha mwisho ulichobakiza nje ya nyumba yetu, na nitakuwa nimekigusa kwa mkono wangu mimi, Kabula, ambaye jina lake limo ndani yake.

Jumamosi ya usafi walikuja wengi. Msumeno ulikuwa tayari umewekwa juu ya jiwe. Mama Shamim alikuwa mbele kama kawaida, mtandio ameuzungushia kichwani, na kikapu cha vitumbua vya kuwapa wafanyakazi. Alinikumbatia, akapiga gogo kwa kiganja.

"Mama yako angekuwepo, hili lingekuwa mkaa tangu juzi."

Watu wakacheka. Nikasema, "Mama, naomba tusilitoe."

Kicheko kiliisha taratibu, kwa sababu waliokuwa nyuma hawakunisikia na wakauliza, "Kasemaje?" na ikabidi niseme tena kwa sauti. Nilieleza kuhusu mchanga, na ngazi za kule juu, na mizizi ya migomba. Nilisema tuondoe mifuko na chupa zote, na matawi yote mepesi yanayoweza kusafiri hadi barabarani, lakini gogo hili kubwa na majani vibaki.

Mama mmoja alisema, "Na mbu? Maji yakisimama?"

"Kule juu nimeona kereng'ende wengi, nao hula mbu, na viluwiluwi vya chura, na maji yanapita polepole, hayajafa. Sikuona mbu wengi. Lakini sijatazama jioni."

"Na kichocho?"

"Kichocho sijui, mama. Tusioge humo wala tusifue. Nitamuuliza mwalimu."

"Sijui, sijui," alisema mwingine. "Shule za siku hizi zinafundisha kutojua?"

Walicheka tena. Mama Shamim hakucheka. Alikuwa ananitazama, na nilielewa kwamba katika watu wote wale yeye ndiye mwenye haki ya kukataa. Nyumba ni yake. Godoro lilikuwa lake.

"Kabula," alisema, "likiachia likaja kwangu usiku, nitakuja kulala kitandani kwako?"

"Njoo, mama. Mimi nitalala chini."

"Na Shamim je?"

"Shamim nitalala naye."

"Huyo anapiga mateke." Alishusha kikapu. "Haya. Nionyeshe hicho unachokisema. Nyie wengine kuleni vitumbua, msiguse mashine."

Unajua magoti yake. Alipanda mlima akimtaja Mungu kila hatua, akishika bega langu, mpaka tukapita lile jiwe la mkate. Alipoona vidimbwi akaliachia bega langu. Alikaa chini kwenye gogo la zamani, akaingiza mkono ndani ya maji, akautoa na mchanga, akaupepeta kati ya vidole kama anayeangalia unga wa mchele. Kaa alitoka. Mama Shamim akapiga ukelele, kisha akacheka mwenyewe.

"Na miaka yote hii tunauzoa barabarani," alisema.

Nilitaka kuwa mkweli, nikamwambia, "Siwezi kukuahidi kwamba halitasogea, mama."

"Nimesikia. Ungeahidi, ningesema likatwe." Alikung'uta mchanga mkononi. "Mama yako alikuwa ananibishia kila siku. Bei ya unga, ubishi. Jina la mtoto, ubishi. Mimi nilitaka kumwita Rukia, yeye ndiye aliyesema Shamim. Tangu afariki watu wananikubalia tu. Nikisema hivi, ndiyo mama. Nikisema vile, ndiyo mama. Nilikuwa nimesahau inavyokuwa."

Nilimsaidia kusimama.

Tuliposhuka aliwaambia watu kwamba gogo litabaki mvua hizi za kwanza, litazamwe. Matawi yote yakatwe na yapelekwe jikoni kwa anayetaka kuni. Majani yasifagiwe. Kalavati lisafishwe mpaka ling'ae, na mtu atakayetupa chupa ya plastiki kijitoni atakuja kujieleza kwake yeye Mama Shamim. Mwenyekiti aliuliza kama basi siku hii bado inaitwa usafi wa Mama Kabula, maana hatufagii.

"Itaitwaje tena?" Mama Shamim alisema. "Huyu Kabula si huyu hapa?"

Tulifanya kazi mpaka mchana. Nilibeba matawi mpaka mikono ikachubuka. Baba alikuwa kwenye kalavati, ndani kabisa, anatoa tope, na nilipompelekea maji aliyapokea, akanywa, kisha akaita, "Na umwambie mwalimu wako aje na koleo." Hiyo kwa baba ni sifa.

Wiki iliyopita mvua ya kwanza ilinyesha. Ilikuja alasiri, nzito, kutoka upande wa ziwa. Mama Shamim alikuwa mlangoni kwake na mimi nilikuwa ukingoni, tunatazamana kupitia mvua kama walinzi. Maji yalikuja mekundu, yakafika kwenye gogo, yakapanda. Nilihesabu pumzi zangu. Gogo lilitoa mlio mara moja, kama mlango wa zamani. Halikusogea. Maji yalipita juu yake yakaanguka upande wa pili, na yalipofika kwa Mama Shamim yalikuwa yamepunguza hasira. Yalikuwa mengi, sisemi yalikuwa machache. Lakini yalibaki kijitoni.

Hiyo ni mvua moja. Masika bado, na masika ni kitu kingine. Huenda nikawa nimekosea na ikabidi nikalale chini kweli. Mwalimu Kulwa anasema mvua moja si ushahidi, na nimeridhika na jibu hilo, kwa sababu linanipa sababu ya kuendelea kutazama. Lakini leo asubuhi nyuma ya gogo kuna kidimbwi, na chini yake kuna mchanga mpya ambao haukufika barabarani. Kaa bado hajafika. Nimeanza kujiuliza anapitia wapi kushuka, na kama anajua kwamba tumemtengenezea mahali.

Mama, sijui kama ungekubaliana nami. Nadhani siku ile ungekuwa wa kwanza kunibishia, kiuno umekikaza, na ningelazimika kueleza vizuri zaidi. Nimekuwa nikitafuta maneno ambayo ungeniambia na sipati hata neno moja la kukubali kirahisi. Ajabu ni kwamba hilo halinihuzunishi. Nilidhani kwenda kinyume nawe kutaniondoa karibu yako. Badala yake nimekuwa nikizungumza nawe tangu siku ile, asubuhi na jioni, kuliko wakati wowote tangu ututoke.

Mvua inaanza tena, naisikia kwenye bati. Naacha kuandika hapa, nataka niwahi kuona maji yanafanya nini.

Lala salama, mama.

Binti yako anayekubishia,
Kabula